Umeachishwa Kazi? Namna ya Kupeleka Mgogoro Wako CMA Kabla Siku 30 Hazijaisha

Swali hili linanifikia karibu kila wiki: "Nimeachishwa kazi, nifanyeje?" Nami huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: lini? Hapo ndipo mara nyingi moyo huniuma, kwa sababu jibu huwa ni miezi mitatu, miezi minane, "kabla ya Pasaka iliyopita". Mtu ana madai mazuri, ana barua, ana mashahidi, lakini amekaa nyumbani akisubiri bosi apoe hasira, au akisubiri mafao aliyoahidiwa kwa mdomo. Sheria ilimpa siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali. Zimepita. Sasa kabla hajafika kwenye haki yake, itabidi kwanza ajieleze kwa nini alichelewa.

Ndiyo maana nimeandika hatua kwa hatua. Mimi si wakili. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi tawini kwa miaka kadhaa, na nimewasindikiza wenzangu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, mara nyingi kiasi cha kujua watu wanajikwaa wapi.

Mwongozo huu unamhusu nani

Unamhusu mfanyakazi wa Tanzania Bara: wa kiwandani, dukani, shuleni, hotelini, shambani, na pia wewe dada au kaka unayefanya kazi za ndani. Sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na vyombo vyake. Wanajeshi, polisi, askari magereza na walio Jeshi la Kujenga Taifa hawamo katika sheria hii. Mtumishi wa umma naye anatakiwa kwanza kumaliza njia za rufaa zilizomo ndani ya utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Akikimbilia CMA moja kwa moja atarudishwa.

Kufungua shauri CMA hakulipiwi ada. Mtu yeyote akikuomba "hela ya fomu" au "ya kusukuma faili", usimpe.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

Ili mwajiri akuachishe kazi kihalali anahitaji vitu viwili kwa pamoja: sababu ya msingi na utaratibu wa haki. Sababu inaweza kuwa utovu wa nidhamu, kushindwa kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni, yaani kile tunachokiita kupunguzwa kazi. Utaratibu maana yake ni kuambiwa tuhuma, kupewa muda wa kujiandaa, na kusikilizwa kabla ya uamuzi. Kwa kikao cha nidhamu, muda wa kujiandaa usipungue saa 48, na una haki ya kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Kwa kupunguzwa, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema na kushauriana nanyi: kwa nini anapunguza, njia gani zingeepusha, nani atapunguzwa na kwa vigezo gani.

Mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali ni mwajiri. Wengi hawaamini ninapowaambia hivyo. Wewe huhitaji kuthibitisha kwamba hukuiba. Yeye ndiye anatakiwa kuonyesha alikuwa na sababu na alifuata utaratibu.

Kuna mpaka mmoja: kama umefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, huwezi kudai kwamba umeachishwa isivyo halali. Lakini mshahara ambao hukulipwa, likizo na notisi bado unaweza kuvidai.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usisubiri viwe kamili ndipo uende. Kusanya ulivyo navyo sasa, vingine vitafuata.

- Mkataba wa ajira au barua ya ajira.
- Barua ya kuachishwa kazi, barua za onyo, barua ya kukuita kwenye kikao, muhtasari wa kikao kama ulipewa.
- Slipu za mshahara, au taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mishahara ilivyoingia.
- Taarifa ya michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.
- Kitambulisho cha kazi, picha ukiwa kazini na sare, daftari la mahudhurio kama una nakala.
- Ujumbe wa simu na WhatsApp kati yako na bosi. Usifute hata mmoja, na usibadilishe simu kabla hujauhifadhi.
- Majina ya wenzako wawili au watatu walioona au kusikia.
- Jina kamili la kisheria la mwajiri, na mahali ofisi yake ilipo.

Mkataba wa maandishi huna? Usikate tamaa. Kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuleta maandishi hayo mbele ya Tume, yeye ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha au kupinga sharti unalosema lilikuwepo. Taarifa ya NSSF hapa ni dhahabu: inamtaja mwajiri aliyekuwa akikuchangia, mwezi kwa mwezi.

Hatua kwa hatua

1. Andika tarehe ukutani. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia ulipoachishwa, au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuuthibitisha uamuzi huo kama ulikata rufaa ndani ya kampuni. Jumapili na sikukuu zimo kwenye hesabu. Ukiachishwa tarehe 3 Machi, siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Mimi huwaambia watu wajiwekee mwisho wao wenyewe: siku ya 20. Zile kumi zilizobaki ni za mwajiri anayekwepa kupokea fomu, za kuumwa, za nauli iliyokosekana.

Barua ikiwa na tarehe moja na wewe umeipokea siku nyingine, hesabu kwa ile ya mwanzo. Usijenge shauri lako juu ya ubishi wa tarehe.

Madai mengine ambayo si ya kupinga kuachishwa, kwa mfano mshahara wa miezi miwili uliozuiliwa wakati bado uko kazini, yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

*Kosa linaloumiza kuliko yote:* kusubiri mazungumzo. "Meneja kasema nirudi mwisho wa mwezi." Ongea naye, hakuna ubaya, lakini siku haziachi kuhesabiwa kwa sababu mnaongea. Nilikuwa na mwenzangu, fundi wa mitambo, mtu makini sana. Aliahidiwa malipo yake mara tatu kwa simu. Alipokuja kwangu ilikuwa siku ya 47. Tulihangaika na ombi la kuchelewa mpaka nguvu zikatuishia, na mpaka leo nikimwona najilaumu kwamba sikumuuliza mapema.

2. Usisaini usichokielewa. Siku ya kuachishwa utapewa karatasi. Barua ya kuachishwa pokea, na kama wanataka saini andika "nimeipokea" na tarehe. Kupokea si kukubali. Lakini kuna karatasi tatu za kuziogopa.

Ya kwanza ni ile inayosema umelipwa stahiki zako zote na huna dai lolote. Wengi husaini ili wapate mshahara wa mwezi, kisha karatasi hiyo hiyo inaletwa mbele ya mwamuzi.

Ya pili ni barua ya kujiuzulu iliyochapwa na ofisi ya utumishi. "Andika umejiuzulu, tutakusaidia usichafuke jina." Ukishasaini, mzigo unakugeukia: wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulilazimishwa.

Ya tatu ni hati ya kukiri deni au kukiri wizi, hasa kunapokuwa na upotevu wa fedha au bidhaa na mtu anatajiwa polisi. Ukitishiwa hivyo, sema utaandika maelezo yako baada ya kupata ushauri. Ukifikishwa polisi, uliza unatuhumiwa nini, omba ndugu yako ajulishwe, na omba wakili awepo unapoandika maelezo. Na ujue hili: jalada la polisi na shauri la CMA ni njia mbili tofauti. Usikae ukingoja kesi ya jinai iishe ndipo uhesabu siku zako za CMA.

3. Omba kwa maandishi unachodai. Barua fupi, nusu ukurasa: niliajiriwa tarehe fulani, nimeachishwa tarehe fulani, naomba nilipwe hivi na hivi na nipewe cheti cha utumishi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe ubaki nayo. Hatua hii haisimamishi siku, lakini inaonyesha kwamba ulidai mapema na kwa adabu, na mara nyingine inamaliza mambo. Mpe siku saba. Kimya? Songa mbele.

4. Piga hesabu zako mwenyewe. Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu mtu anayefika CMA akisema "nadai haki zangu" bila namba, namba hizo atapangiwa na mwajiri.

Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa Sh 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki, na amefanya kazi miaka minne na miezi mitano. Kwa siku sita za kazi, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26 kupata wa siku. Kwake ni Sh 20,000 kwa siku.

*Mshahara wa siku alizofanya kazi.* Kama aliachishwa baada ya siku kumi za kazi mwezi huo, ni Sh 200,000. Huu ni jasho lake, haupotei hata kama aliachishwa kwa kosa halali.

*Notisi.* Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Wengi huidai kama mshahara wa mwezi mmoja: Sh 520,000. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, na aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7.

*Likizo ambayo hakwenda.* Likizo ya mwaka ni siku 28. Kama mzunguko wa mwaka haujaisha, hupigwa siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi.

*Kiinua mgongo.* Mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Kwake miaka iliyokamilika ni minne, ile miezi mitano haihesabiwi: 7 × 4 × 20,000 = Sh 560,000. Unatakiwa uwe umefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

*Nauli ya kurudi ulikoajiriwa.* Wengi wanaisahau, nayo inaweza kuwa kubwa. Kama uliajiriwa Mbeya ukaletwa kufanya kazi Dar es Salaam, mwajiri anatakiwa kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi Mbeya, au kukulipa gharama hizo, na fedha za kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Hili ni muhimu zaidi ukiwa unaishi nyumba ya kampuni na umeambiwa utoe vitu kesho. Andika barua mara moja ukidai nauli na fedha ya kujikimu, na piga picha vyombo vyako kabla havijaguswa.

*Cheti cha utumishi.* Si fedha, ila ni haki yako, na kazi ijayo watakiuliza.

Hivyo vyote ni stahiki. Mbali na stahiki kuna nafuu ya kuachishwa isivyo halali: kurudishwa kazini kana kwamba hukuachishwa, kuajiriwa upya kwa masharti yatakayopangwa, au fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara. Amua moyoni unataka ipi kabla hujashika fomu. Je, kweli unaweza kurudi kufanya kazi chini ya meneja yule?

5. Jaza Fomu Namba 1 ya CMA. Inapatikana ofisi za CMA mikoani. Unafungua katika ofisi inayohudumia eneo mgogoro ulikotokea, si lazima kule unakoishi. Mambo ya kuangalia:

Jina la mwajiri. Bango la dukani linaweza kusema jina moja na kampuni iliyosajiliwa ikawa nyingine kabisa. Chukua jina lililo kwenye mkataba, slipu au taarifa ya NSSF, lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Ukiwa na wasiwasi, jina la kampuni unaweza kulithibitisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Nimeona watu wameshinda shauri kisha wakashindwa kukazia tuzo, yaani kulazimisha uamuzi wa CMA utekelezwe, kwa sababu waliyemshtaki hayupo kisheria.

Aina ya mgogoro na tarehe ulipotokea. Kama unapinga kuachishwa, weka alama kwenye kuachishwa kazi. Usiandike "madai ya mshahara" peke yake, kwa sababu utakachosikilizwa ni kile ulichokiandika.

Sehemu B. Hii ni ya migogoro ya kuachishwa kazi tu, na ndiyo watu wanaiacha wazi kwa kuchoka. Humo unaeleza kwa nini unaona sababu haikuwa halali na utaratibu haukufuatwa. Ijaze. Sentensi tano zenye tarehe zinatosha: niliitwa ofisini saa nne asubuhi, sikupewa tuhuma kwa maandishi, nilipewa barua saa hiyo hiyo, sikuruhusiwa kuwa na mtu.

Nafuu unayoomba. Andika kila kipengele ulichokipigia hesabu, na jumla. Ukisahau kitu hapa, kukidai baadaye kutakuwa na mapingamizi.

Kisha saini. Inashangaza fomu ngapi hufika bila saini.

6. Mpe mwajiri nakala kwanza, ndipo ufungue. Huu ndio mpangilio: fomu iliyojazwa na kusainiwa inapelekwa kwa mwajiri, yeye anagonga muhuri au anasaini kupokea, halafu unakwenda CMA na nakala yako pamoja na uthibitisho huo. Ukifika, hakikisha nawe nakala yako imegongwa muhuri wa CMA wenye tarehe. Huo muhuri ndio ushahidi wako kwamba uliwahi. Uuweke mahali pasipofika maji wala watoto.

7. Usuluhishi. Utapangiwa tarehe mbele ya msuluhishi. Yeye hahukumu, kazi yake ni kuwakutanisha muelewane, na ana siku 30 za kufanya hivyo isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Mnayoyasema hapo ni siri na hayatatumika dhidi yenu baadaye, kwa hiyo zungumza kwa uwazi.

Nenda na karatasi ya hesabu na namba mbili kichwani: unayoidai, na ile ambayo chini yake huwezi kushuka. Si kila makubaliano ni kushindwa. Fedha kamili ya stahiki inayolipwa mwezi huu inaweza kuwa bora kwako kuliko fidia kubwa baada ya miaka ya mapitio Mahakama Kuu, hasa kama kuna kodi ya nyumba inakudai na ada za watoto. Huo ni uamuzi wako, usisukumwe na mtu, wala mimi. Ila mkikubaliana, hakikisha makubaliano yameandikwa na kusainiwa mbele ya msuluhishi, yametaja kiasi kwa tarakimu na maneno, tarehe ya kulipwa na namna ya kulipwa. "Atalipa akipata" si makubaliano.

Usikose siku hiyo. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kuondolewa. Mwajiri asipofika, lalamiko linaweza kuamuliwa bila yeye.

8. Uamuzi. Usuluhishi ukishindikana unapewa hati inayosema hivyo, nawe unajaza fomu ya kupeleka mgogoro kwenye uamuzi. Uliza siku hiyo hiyo, kabla hujatoka jengoni, fomu ipi na mwisho lini.

Hapa panafanana na mahakama. Mnakula kiapo, mnatoa ushahidi, mnahojiana. Kwa shauri la kuachishwa, mwajiri huanza, kwa sababu mzigo ni wake. Lakini akikana kabisa kwamba alikuachisha, akasema uliacha kazi mwenyewe, utatakiwa kwanza uonyeshe kwamba aliku­achisha. Unaweza kuja na wakili, kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mwakilishi binafsi uliyemchagua, na unaweza kusimama mwenyewe. Lugha isikutishe: tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza yanayotoa haki.

Mambo matatu ambayo huwaambia wote ninaowasindikiza. Barua iliyo mfukoni mwako haipo mpaka uitoe kama kielelezo, ipokelewe na ipewe namba. Ujumbe wa WhatsApp uchapishe, lakini simu yenyewe njoo nayo. Na ukihojiwa na upande wa pili, jibu ulichoulizwa na uishie hapo. Hasira imewafanya wengi waeleze mambo ambayo hakuna aliyewauliza.

9. Tuzo. Baada ya kusikiliza, mwamuzi hutoa uamuzi wa maandishi, tuzo, ndani ya siku 30. Asiyeridhika anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu alipopewa tuzo. Andika tarehe uliyoipokea, kama ulivyofanya mwanzo.

Ukikwama

*Nimeshachelewa.* Unajaza Fomu Namba 2, ya kuomba msamaha wa kuchelewa, na kiapo chako. Tume itaangalia umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, shauri lako lina nguvu gani, na mwajiri ataumia vipi ukiruhusiwa. Eleza kila siku, si kipindi kwa ujumla. "Nilikuwa naumwa" haitoshi. Tarehe hii hadi hii nililazwa, cheti hiki hapa. Tarehe hii hadi hii nilikuwa nyumbani kwa maelekezo ya daktari, karatasi hii hapa. Usiseme uongo kwenye kiapo. Na usikae wiki nyingine mbili ukitafuta sababu nzuri, kwa maana na hizo utaulizwa.

*Mlinzi amekatazwa kupokea fomu yangu.* Nenda na shahidi, andikeni siku, saa na jina au cheo cha aliyekataa. Kisha itume kwa rejesta posta na utunze risiti. Peleka vyote viwili CMA.

*Sikupewa barua, nimezuiwa getini tu.* Tuma ujumbe siku hiyo hiyo kwa meneja: "Leo tarehe fulani nimefika kazini saa moja na nusu nimezuiwa kuingia. Naomba kujua hali ya ajira yangu." Ujumbe huo unakulinda dhidi ya barua ya utoro itakayoandikwa wiki ijayo. Rudi kesho yake na shahidi, ukizuiwa tena tuma mwingine.

*Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na umeisha.* Mkataba wa muda maalum ukifika mwisho unaisha wenyewe. Una hoja tu kama mwajiri alikupa sababu za msingi za kutarajia kuongezewa, kwa mfano umeongezewa miaka mitatu mfululizo na umepewa ratiba ya mwaka ujao. Ukivunjwa katikati, ni jambo jingine. Hapo una dai.

*Mwajiri hakupeleka michango NSSF ingawa alinikata.* Peleka slipu zako ofisi ya NSSF, wana mamlaka ya kumfuatilia mwajiri. Fanya hivyo sambamba na CMA, usichague moja.

*Sina fedha ya wakili.* Kama ni mwanachama, anza na chama chako: TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za majumbani, TPAWU kwa mashamba, TAMICO kwa migodi na ujenzi. Usiye mwanachama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria; uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako walipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hutoa msaada bila malipo.

*Nilikosa siku ya shauri na limeondolewa.* Omba lirejeshwe, haraka, ukiwa na ushahidi wa kilichokuzuia. Cheti cha hospitali, karatasi ya msiba, tiketi ya basi lililoharibika njiani.

*Nimeshinda, halipi.* Tuzo ya CMA hukaziwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu ya mahakama. Unapeleka maombi ya utekelezaji pamoja na nakala ya tuzo, na ueleze mali gani ya mwajiri ikamatwe: gari lenye namba hii, akaunti katika benki hii. Anza kuziandika sasa, ungali unakumbuka magari yanayoegeshwa pale uani na benki iliyokuwa ikikulipa mshahara.